Université ya mupepo? Kampasi ya kutembelea kwenye simu ni kitu gani hasa

Jirani yangu hapa Katuba, Lubumbashi, ana binti aliyemaliza sekondari mwaka huu, na tangu aliposikia vijana wa mtaa wakizungumza habari za "kampasi pepe" hana raha. Jioni moja alinisimamisha mlangoni, beseni la sombe bado liko kichwani. "Baba, ile université ya mupepo, mutoto wangu atasomea wapi? Na minerval, ile ada ya masomo, tutalipa nani, mupepo?"

Sikumcheka, maana kosa si lake. Katika Kiswahili cha Lubumbashi mupepo ni upepo unaovuma na pia ni roho usiyoiona, na hilo "pepe" tulilolizoea kwenye "barua pepe" limepanga chumba nyumba moja na maneno hayo. Wala si yeye peke yake. Mwingine anadhani ni kusoma kwa intaneti bila kukanyaga darasa. Mwingine anasema ni mchezo wa video wa watoto wa matajiri. Wa tatu ameona picha ya mtu aliyevaa dude jeusi usoni, akaamua kwamba kila mwanafunzi atalazimishwa kununua miwani hiyo. Na tangu Oktoba 2021, kampuni ya Facebook ilipojibandika jina la Meta, kila picha inayozunguka kwenye simu huitwa "metaverse", yaani dunia ya ndani ya kompyuta, na mazungumzo yanaishia hapo.

Nimekaa miezi kadhaa na vijana watatu wanaojenga kipande cha kampasi cha namna hiyo, kwa kompyuta zao wenyewe, bila mfadhili. Mimi si fundi. Kazi yangu ilikuwa kushika mita ya kupimia na kuuliza maswali ya kijinga. Ninachoeleza hapa sehemu kubwa nimekiona juu ya meza yao.

Basi na mguu

Mazingira pepe ni mahali palipojengwa ndani ya kompyuta, ambapo mtu anaweza kugeuka, kuangalia na kusogea kana kwamba amesimama pale. Neno "pepe" hapo halina siri yoyote: mahali panaonekana na kutembeleka, ila huwezi kupapasa ukuta wake kwa mkono. Tukisema ni mazingira yanayoitikia, maana yake ni kwamba ukifanya jambo, nayo yanafanya jambo. Unagusa mlango, unafunguka. Unagusa kibao, kinakuambia ofisi hii ni ya nini na inafunguliwa saa ngapi.

Hapo ndipo video inapoachwa nyuma. Video ya kampasi ni sawa na kupanda basi: dereva anapita anakotaka, na ukitaka kushuka uangalie duka fulani, haiwezekani. Mazingira yanayoitikia ni kushuka na kwenda kwa mguu. Unasimama unapotaka, unarudi nyuma, unapotea, unauliza.

Kusoma kwa masafa ni jambo jingine kabisa. Huko somo ndilo linakuja nyumbani kwako, na kampasi huihitaji. Huku kampasi inakuja, na somo halimo. Kwa hiyo mwalimu, mtihani na minerval vinabaki palepale vilipo, mama, na binti atasomea kwenye kiti cha mbao kama wenzake.

Nani basi anahitaji kitu hicho? Mfikirie kijana wa Kolwezi, kilomita karibu 300 kutoka hapa, ambaye hajawahi kulala Lubumbashi hata usiku mmoja. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilichoanza mwaka 1956, kikamezwa na chuo kimoja cha taifa zima mwaka 1971, kisha kikapata jina lake la sasa mwaka 1981, hakikai kwenye uzio mmoja. Kampasi kubwa iko Kasapa, na majengo mengine yako mbali nayo, ndani ya mji. Mgeni anaambiwa: peleka faili aparitora, soma tangazo kwenye valve, kisha uende oditwari. Hata maneno hayo hayajui. Atakuja kugundua kwamba aparitora ni ofisi ya kuandikisha wanafunzi, valve ni ubao wa matangazo tu, oditwari ni ukumbi wa masomo, na kwamba jengo lile lile lina jina la kwenye karatasi na jina la mdomoni, na wenyeji hutumia la pili. Ameshatoa pesa ya manseba, zile pikipiki za abiria, mara mbili kabla ya saa nne asubuhi.

Swali kwanza, kamera baadaye

Vijana wangu walianza vibaya, kama wengi wanavyoanza. Walipata kamera ya kuazima, wakapiga kila kitu: bendera, bustani, lango, ukumbi wa sherehe. Wiki mbili. Kisha mmoja akamwonyesha mdogo wake anayejiandaa kuingia mwaka wa kwanza, na mtoto akauliza, "Yaya, sasa mtu anaandikishwa wapi?" Hakukuwa na picha ya mahali pa kuandikishwa. Palikuwa na bustani kutoka pande nne.

Wakarudi wakaanza na daftari. Wakasimama nje wiki moja wakiandika kila swali ambalo mgeni anamuuliza mlinzi, mama wa karanga au mwanafunzi anayepita. Maswali yalikuwa machache kuliko walivyodhani na yalijirudia: wapi pa kuandikishwa, wapi benki ya kulipia, oditwari fulani iko jengo gani, homu (mabweni) za wasichana ziko upande gani, manseba zinasimama wapi. Hapo ramani ya kazi ikajichora yenyewe. Kwa maoni yangu wiki ile ya daftari ilizidi thamani kompyuta zote tatu, ingawa wao bado wananibishia.

Jambo la pili walilojifunza lina mwenyewe wa zamani. Mmarekani Kevin Lynch alichunguza jinsi wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles wanavyoibeba miji yao kichwani, na mwaka 1960 akaeleza kwamba watu hawakumbuki mji kama picha ya angani. Wanakumbuka njia wanazopita, mipaka kama ukuta au mto, mitaa yenye sura yake, makutano, na alama zinazoonekana toka mbali. Sisi tulijua hilo bila kufundishwa. Hapa hakuna anayekwambia nenda mita 200 kaskazini. Utaambiwa: ukiona bomba refu la moshi na ule mlima mweusi wa taka za shaba, uko upande wa mjini, ukifika kwa mama wa bukari, pinda kushoto.

Kampasi ya kwenye simu nayo inasimama kwa alama. Tulilijua hilo kwa kupata hasara. Karibu na njia moja kuna kichuguu kikubwa, vile vichuguu vya huku kwetu ambavyo vingine vinapita paa la nyumba ya kawaida na ambavyo watu huchota udongo wake kufyatulia matofali. Kijana mmoja alikifuta ili kupunguza uzito wa faili. "Ni udongo tu," akasema. Siku ya kujaribu, watu watano walipita makutano yale bila kupinda, mmoja baada ya mwingine. Kichuguu kikarudishwa, wakapinda.

Ndani ya kibuyu

Sasa tuingie kwenye ufundi, taratibu. Zipo njia mbili kubwa za kutengeneza mahali pa namna hii.

Ya kwanza ni picha za mzunguko, zile za digrii 360. Kamera yake ina macho mawili, moja mbele moja nyuma, na kila jicho linaona zaidi ya nusu ya dunia inayolizunguka. Programu inashona picha hizo mbili kuwa moja, ndefu na bapa, ambayo upana wake ni mara mbili ya kimo. Ukiitazama hivyo, njia imepinda kama upinde na dari imevutika kama chapati. Kisha simu inaikunja picha ile ikawa mpira, na kukuweka wewe katikati. Chukua kibuyu kitupu, chora mandhari yote kwenye ukuta wake wa ndani, halafu jifanye sisimizi uliyesimama katikati ukigeuza kichwa. Ndiyo hiyo.

Faida yake ni kwamba ni haraka na ni ya kweli, hadi rangi iliyobanduka ukutani. Hasara ni kwamba huwezi kupiga hata hatua moja. Picha ilipigwa kutoka nukta moja, na dunia ya kibuyu hicho inajulikana kutoka nukta hiyo tu. Ukitaka kusogea unaruka kwenda kibuyu cha pili. Ndivyo Street View ya Google, ile huduma ya picha za barabarani, ilivyoanza mwaka 2007, na wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko hao vijana wangu: mwaka 1978 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walifunga kamera juu ya gari, wakapita mitaa ya mji mdogo wa Aspen, kisha wakamwezesha mtu kuuzunguka mji huo kwenye kiwambo, akichagua mwenyewe pa kupinda.

Watu wa Aspen walifanya jambo moja ninalolipenda: mtazamaji aliweza kubadilisha majira, akaona barabara ile ile wakati wa majani kupukutika na wakati wa theluji. Kwetu hilo si pambo. Piga picha mwezi wa nane, majani yamekauka, mengine yameungua, vumbi jekundu limepanda hadi madirishani. Mwanafunzi akija mvua imeanza anakuta nyasi za kifuani na njia ya mkato imekuwa dimbwi. Atasema mmemdanganya. Vijana walilazimika kurudi kupiga sehemu mbili tatu upya mwezi wa kumi na mbili, wakiwa wamevaa mifuko ya plastiki miguuni.

Kasha la kiberiti na kitenge

Njia ya pili ni kujenga. Hapa hakuna picha ya kuzunguka. Kuna umbo lenye urefu, upana na kimo, na ndani yake unaweza kutembea popote.

Kompyuta haijui ukuta wala mlango. Inajua nukta, na nukta tatu zikiunganishwa zinakuwa pembetatu. Kila kitu ni pembetatu. Kasha la kiberiti lina nyuso sita, kila uso ni pembetatu mbili zilizolaliana, jumla 12. Jengo la kawaida la darasa, bila mapambo, linaweza kusimama kwa mia chache. Kinachobaki ni kulivisha nguo, na hapo wazo jepesi ni fundi cherehani. Umbo ni mwili wa mteja, bado hauna rangi. Picha ya ukuta, matofali, lipu na kutu ya mabati, ndiyo kitenge. Fundi hukata kitenge vipande ili kiukae mwili bila kuvutika. Akikosea, ua la begani linakutana na nusu ua la mgongoni. Majengo ya kwanza ya vijana wetu yalikuwa hivyo: mstari wa matofali ukifika kwenye kona unaruka juu kwa kimo cha tofali moja, kama gauni lililoshonwa usiku umeme umekatika.

Vipimo tulivipataje, kwa kuwa hakuna aliyetupa ramani za ujenzi? Umbo la jengo kutoka juu wanalipata kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea tangu mwaka 2004, na pale isipokuwa na jengo wanalichora wenyewe. Kimo ndicho kilichotusumbua. Mlinzi hakutaka ngazi iegemezwe ukutani, na hakuwa na kosa. Basi nikapima tofali moja pamoja na saruji yake: sentimita nane. Tukapiga picha ya ukuta, tukahesabu mistari kwa ncha ya kalamu kwenye kiwambo, 45. Mita tatu na sentimita 60. Tulirudia mara tatu kwa sababu kila mmoja wetu alipata hesabu yake.

Halafu kuna mti. Lubumbashi bila jakaranda si Lubumbashi. Mwezi wa tisa na wa kumi barabara zinageuka zambarau. Lakini jani la jakaranda limegawanyika vijani vidogo visivyohesabika. Tuseme mti mmoja una vijani 50,000, na kila kimoja kinahitaji pembetatu mbili tu: hizo ni 100,000 kwa mti mmoja, wakati jengo zima lililo nyuma yake lina mia chache. Panda miti 20 na simu ya kawaida inazimia. Dawa yake ni hila ya zamani ya mafundi: piga picha ya mti, ibandike kwenye kadi mbili zilizopitana kama alama ya kuzidisha. Pembetatu nne. Ukiwa mbali huwezi kujua. Ukienda kusimama chini yake ukainua macho, aibu tupu, unaona kadi. Ndiyo maana kuna mti wa karibu na mti wa mbali, na programu inabadilisha mmoja kwa mwingine unaposogea.

Jambo moja zaidi ambalo hakuna anayelitegemea: ukuta uliochorwa si ukuta. Ni picha hewani. Usipoiambia kompyuta kwamba hapa mtu asipite, atapita. Siku ya kwanza tuliwasha kampasi yetu, tukaanguka. Sakafu ilikuwa nzuri, ya vigae, na sisi tukaipenya tukawa tunashuka kwenye utupu huku jengo likipaa juu yetu. Tangu hapo kila sakafu na kila ukuta una sanduku lisiloonekana, na kazi yake ni kumzuia mtu.

Zana zenyewe hazina bei. Blender, ya kuchongea maumbo, ni bure, na Godot, ya kuyapa maumbo hayo mwitikio, ni bure vilevile. Kinachogharimu ni saa za watu.

Miwani si lazima

Hofu ya miwani nataka niitoe mapema. Miwani ile kazi yake ni kufunika macho yote mawili ili usione chumba ulichomo. Ni mlango mmoja wa kuingilia, na kwa mji wetu si mlango mkuu. Simu inatosha: tangu mwaka 2011 kuna WebGL, njia inayokiwezesha kivinjari cha kawaida kuchora maumbo haya bila kusakinisha chochote. Unafungua anwani kama unavyofungua gazeti.

Na miwani ina adha yake. Sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde na jicho linaridhika. Kwenye simu mafundi hutafuta 30 au 60. Ndani ya miwani lengo la kawaida ni kama 90, na ukigeuza kichwa, picha inatakiwa igeuke kabla ya milisekunde 20 kupita. Ikichelewa, au macho yakisema "natembea" wakati sikio la ndani, linalopima mizani ya mwili, linasema "nimekaa kitini", tumbo linaamua ugomvi huo kwa namna yake. Mmoja wa vijana aliazima miwani akatembea dakika sita, kisha akaenda kuketi nje akiwa kijivu. Ndiyo maana programu nyingi za miwani humrusha mtu kutoka nukta hadi nukta badala ya kumtembeza.

Kutembea kwenyewe kuna udanganyifu ambao ni mbaya zaidi ya kichefuchefu. Mtu wa kawaida anakwenda karibu mita 1.4 kwa sekunde. Njia ya mita 900 kutoka homu hadi oditwari ni dakika 11. Nani atabonyeza kiwambo dakika 11? Kwa hiyo mtengenezaji anaongeza mwendo mara tatu, kila mtu anafurahi, na mwanafunzi mpya anaamini oditwari iko karibu. Jumatatu anachelewa. Dawa tuliyoweka ni ndogo: kila njia ina kibao kinachoandika dakika za kweli kwa mguu. Na kwa mtu wa kiti cha magurudumu kibao kile kina mstari wa pili, idadi ya vidato vya ngazi na kama kuna njia ya mteremko. Tulivihesabu vyote. Mlango mmoja unaoonekana wa heshima kabisa una vidato 14 na hauna mteremko.

Mega

Uzuri wa picha ndiyo kisingizio cha wengi, na hapo napingana nao waziwazi. Kampasi inayong'aa kama sinema lakini haifunguki kwenye simu ya mama wa Katuba haijajengwa bado. Hesabu ni hii: picha moja nzuri ya mzunguko ikiwa mega 6, vituo 40 ni mega 240. Mtu aliyenunua mega za siku hataki kuzimaliza kwa kuangalia lango.

Suluhisho linafanana na muuzaji wa duka la mtaani: hamwagi gunia zima mezani, anakupimia kikombe unachoomba. Picha inakatwa vipande vidogo. Kwanza inakuja nakala yenye ukungu, nyepesi, ili uone uko wapi. Kisha vinakuja vipande vya upande unaoutazama tu. Usipogeuka nyuma, nyuma hailipiwi. Na ukurasa wa kwanza kabisa uwe ramani bapa yenye majina, isiyozidi mega moja, kwa sababu wengi watapata jibu lao hapo na kuondoka. Vijana hawakupenda nilivyosema hivyo. Walikuwa wameweka mawingu yanayotembea.

Kuna wanaosema siku hizi akili mnemba itachora kampasi yote kwa dakika mbili. Itachora, ndiyo, na itakuwa nzuri sana, yenye ngazi ambayo haipo na mlango upande usio na mlango. Kwa mchezo, sawa. Kwa mtu anayetafuta aparitora saa mbili kasoro, mlango wa kubuni ni matusi. Tulichokubaliana ni kuipa kazi za kusafisha: kufuta waya, kuongeza mwanga kwenye picha ya giza, na hasa kufunika nyuso na namba za magari. Hilo la nyuso si hiari. Mtu aliyepita akienda darasani hakukubali kuwekwa hadharani miaka mitano. Ruhusa ya kupiga picha nayo iwe ya maandishi, yenye muhuri, iwe mfukoni. Mlinzi wa zamu ya mchana hamjui aliyekuruhusu asubuhi.

Kinachooza

Ukuta hauozi haraka. Ofisi ndiyo huhama. Chuo chochote unachokijua, mwaka huu kaunta ya risiti iko chini, mwakani iko ghorofani, na oditwari imepewa kitivo kingine. Ikiwa jina la ofisi limechongwa ndani ya umbo, kila mabadiliko yanahitaji fundi, na fundi atakuwa amepata kazi kwenye kampuni ya mgodi.

Kwa hiyo majina, saa za kazi na namba za vyumba havikai ndani ya jengo. Vinakaa kwenye jedwali la kawaida, safu na mistari, kama daftari la deni. Kila mlango una namba isiyobadilika, na jedwali linasema leo nyuma ya namba 117 kuna nini. Sekretari anabadilisha neno moja, kampasi yote inabadilika. Ni sehemu isiyopendeza kuliko zote, haina pembetatu hata moja, na nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kukagua kabla ya kulipia mradi wa namna hii, ningeomba kuona jedwali.

Tulipofika hapo tukaona tuwaonyeshe watu. Nilimwita jirani yangu, yule wa sombe, pamoja na binti yake. Simu ilikuwa ya mama, kioo kimepasuka kona, na mwanzoni aliishika kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Binti alimwonyesha mara moja: vuta kidole, unageuka. Mama akageuka. Akafika lango, akakiona kichuguu, akapinda bila kuambiwa, akafika aparitora, akagusa mlango, akasoma saa za kazi kwa sauti. Vijana wote watatu walikuwa wameegemea ukutani wakijifanya hawaangalii.

Akarudi nyuma hadi kwenye benchi la nje, akazunguka lote, akazunguka tena. Kisha akamtazama mkubwa wao. "Mwanangu, nimeona. Sasa siku hiyo nitamungojea mutoto kuanzia asubuhi hadi saa nane. Choo kiko wapi?"

Walitazamana. Kijana akalifungua lile daftari la maswali, akapekua kurasa zote, kisha akaomba kalamu.